Sekunde Nane za Tumba

Jumamosi ile nilitaka kulala tu. Nilikuwa nimefanya kazi siku tisa mfululizo, kuwaogesha wazee, kuwalisha, kuwavalisha zile soksi za kubana, na miguu yangu ilikuwa imevimba kuliko ya kwao. Lakini rafiki yangu Wangari haambiliki. Alikuja na mwenzetu Natacha kwangu, mtaani Rågsved, wakanitoa kitandani, tukapanda treni hadi kitongoji cha Tumba, kwenye shamba ambako Waswidi wazima na akili zao walikuwa wamejivika kofia za kauboi.

Nilikubali kwa sababu moja. Baada ya rodeo, yale mashindano ya kauboi na farasi, kulikuwa na baiskeli za kukodi, za kuzungukia kando ya mto, na mimi nilikuwa na siri ya baiskeli.

Miaka sita nilikuwa nikiitwa kazini kwa simu, leo njoo, kesho usije. Wiki ile bosi wangu, Rebecka, akaniambia kuna nafasi ya kudumu ya kuwahudumia wazee majumbani, ila wahudumu huenda nyumba hadi nyumba kwa baiskeli. Akauliza, unajua kuendesha? Nikajibu ndiyo, bila hata kupepesa macho. Kazi ingeanza Jumatatu. Sikujua kuendesha, na tangu siku hiyo sikupata usingizi.

Rodeo yenyewe ilipendeza, siwezi kuwanyima haki yao. Farasi walizunguka mapipa vumbi likitimka, nasi tukapiga kelele hadi sauti zikakauka. Kisha Natacha akapanda fahali wa mashine. Ukikaa sekunde nane umeshinda. Ya tatu haikuisha, akarushwa kwenye godoro, na watu wakamshangilia.

"Huku hata ukianguka unapigiwa makofi," nikamwambia Wangari, nikapiga miayo.

Mtoni nilikabidhiwa baiskeli nyekundu. Nilikuwa nimechoka mno, akili haikuwepo. Nikaiegemeza kwenye uzio, nikakaa kwenye keria, nyuma, miguu yote upande mmoja, mkono ukitafuta kiuno cha kushika. Nikangoja.

"Wee Fébronie," Wangari akasema, "sasa unangoja nani akuendeshe?"

Nilimngoja kaka yangu Gabrieli, aliyebaki nyumbani, mkoani Ngozi. Kwetu yeye ndiye aliyekanyaga pedali, mimi nilikaa nyuma na mzigo wa ndizi. Msichana akishika usukani alichekwa na kilima kizima, wakubwa kwa wadogo. Aibu ilinipanda hadi masikioni, nikawaambia yote, hadi ya Rebecka.

Natacha hakucheka. "Na Jumatatu ni kesho kutwa! Mon Dieu. Panda mbele, mama."

Wakashika kiti, mmoja huku, mwingine huku, wakakimbia nami wakitweta. Wakaachia. Wangari akahesabu kwa sauti kama mtangazaji wa rodeo. Mbili, nikaanguka. Nne, nikaingia kwenye matete. Mara ya tisa nilifika saba, nikaangukia nyasi, na sikutaka kuinuka tena. Niliwaomba waniache nilale papo hapo, nikalia kidogo, kwa uchovu tu. Nao wakanipigia makofi, wapumbavu wale, na viatu vyao vimelowa.

Jumatatu Rebecka alinipa ufunguo wa baiskeli na kofia ngumu. Goti langu lilikuwa limefungwa bandeji chini ya suruali. Niliikokota baiskeli hadi kwenye kona ambako madirisha ya ofisi hayaoni. Mzee wa kwanza alikuwa akingoja chai yake, na kwa miguu ningechelewa. Njia ilikuwa tupu. Hakukuwa na wa kushika kiti.

Nikapanda mbele. Nikajihesabia kwa Kirundi, kwa sauti, kama alivyonifundisha Gabrieli nikiwa mdogo nyuma yake. Sita. Saba. Usukani ukayumba, nikaushika. Nane.

Hakuna aliyepiga makofi. Nikasema tisa.