Shahaka ya Bi Tafida

Kwa miaka kumi na tisa Rushdi alikuwa akichora vitabu vya watoto kwenye meza ya kulia chakula, na kwa miaka hiyo yote hapakutokea mtu katika jengo lao pale mtaa wa Shubra aliyeamini kwamba ana kazi. Mtu mwenye kazi hutoka asubuhi akarudi jioni amenuna. Rushdi alishinda nyumbani kwa fulana na kandambili, anaitazama karatasi. Basi kila alichoambiwa kilianza kwa maneno yale yale. Maadamu uko nyumbani, mpokee mtu wa gesi. Maadamu uko nyumbani, loweka maharage. Jirani wa ghorofa ya pili, ambaye Rushdi hakulijua hata jina lake, alimwambia maadamu uko nyumbani nishikie mtoto, akaenda saluni.

Mkewe, Ibtisam, alikuwa mfamasia hospitalini, mwanamke wa maneno machache na dozi kamili. Mwezi ule alikwisha kumpa dozi ya mwisho.

"Baba Nihal, nisikilize. Hiki kitabu cha bibi anayepika, kimalize. Kikikwama kama kile cha ngamia, Jumamosi unakwenda kwa kaka Shauki, kwenye karakana yake, uchore mabango ya meno."

"Mabango ya meno?"

"Ana madaktari wa meno sita wanamsubiri. Na meza yangu inarudi kuwa meza. Tangu Idi tunakula sahani ziko magotini kama abiria."

Rushdi alijiona akichora gego moja baada ya jingine mpaka uzee.

Kitabu kilikuwa na picha kumi na mbili. Kumi na moja zilikwisha kupita. Iliyobaki ilikuwa ya mwisho, bibi anapomimina kitunguu saumu kwenye mulukhia, nayo ndiyo iliyokuwa roho ya kitabu. Mulukhia ni mboga ya kuteleza, binamu wa mlenda. Ikiiva, mpishi hukaanga kitunguu saumu na giligilani katika samli mpaka harufu ipande ghorofa tatu, kisha humimina vyote ndani ya sufuria, tshaaa! Papo hapo huvuta pumzi ndani kwa ghafla, "Hiiih!", kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani ameachika. Hiyo ndiyo shahaka. Mpishi asipoitoa, majani huzama chini na maji hubaki juu, na watu husema mulukhia imeanguka. Sababu yake haijulikani. Wapo wahandisi walioijadili mezani, wakaishia kuomba waongezewe.

Mara tatu Rushdi alikuwa ameichora shahaka, na mara tatu Bi Ragia, mhariri, alikuwa amempigia simu.

"Ustadhi Rushdi, huyu bibi kaona panya."

Mara ya pili: "Huyu anataka kupiga chafya."

Mara ya tatu, Jumapili asubuhi: "Huyu kakanyagwa kidole. Ustadhi, hakuna mtoto nchini asiyeijua shahaka ya bibi yake, hatuwezi kumdanganya. Nakupa mpaka Jumatano adhuhuri. Baada ya hapo nampa kitabu kizima yule kijana anayechora kwa kompyuta. Nisamehe."

Lililomuuma zaidi ni kwamba mpishi bora wa mulukhia katika mtaa mzima aliishi ghorofa moja chini yake, naye alikuwa mama mkwe wake. Bi Tafida alipika kila wiki. Shahaka yake ilisikika kwenye ngazi, lakini hapakuwa na binadamu aliyewahi kuiona. Alikuwa akifunga mlango wa jikoni, sufuria isije ikaingiwa na jicho la husuda.

Rushdi aliteremka, akabusu mkono wake, akaomba.

"Mara moja tu, mama. Nitakaa kimya kama friji."

"Friji yangu haikai kimya. Na marehemu baba yake Ibtisam, nimekaa naye miaka thelathini na nne, hakuiona. Wewe nani?"

"Ni kwa ajili ya watoto, mama."

"Ndiyo, watoto wa nchi nzima wanione nimeachama, wanihesabu meno!"

"Si wewe nitakayekuchora. Nitachora bibi mwingine."

Hapo ndipo alipoharibu. Bi Tafida alisimama.

"Bibi mwingine yupi? Kuna bibi mwingine anayejua mulukhia hapa? Yule wa ghorofa ya tano anayetia nyanya? Utanichora mimi! Njoo kesho saa sita, na uje na penseli iliyochongwa."

Jumatatu saa sita Rushdi alikuta mama mkwe wake anapika katika gauni la mahameli jeusi, bangili mpaka kiwiko, wanja machoni, kama anayekwenda kuposa. Nihal, binti yao wa miaka saba, alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele kushuhudia.

"Nigeuke upande gani?" Bi Tafida aliuliza, kikaango mkononi. "Upande huu nina alama ya ndui. Na hiyo shingo unaipunguza?"

"Naipunguza, mama. Mimina, kitunguu kinaungua."

"Usinifundishe kitunguu."

Akamimina. Tshaaa! Kisha akainua kidevu, akaelekeza upande usio na alama, akasema "Hiih" kwa sauti ya mtu anayeomba maji nyumbani kwa watu.

Wakaingiza macho sufuriani wote watatu. Majani yalikuwa yanateremka polepole, bila haraka.

"Bibi," Nihal aliuliza, "imekufa?"

Bi Tafida alizima jiko. Alivua bangili moja moja, akaziweka mezani. Tangu aolewe, mulukhia yake haikuwahi kuanguka.

"Ni hiyo penseli. Imenitia jicho. Toka jikoni kwangu, bwana msanii, na hiyo sufuria nenda nayo. Mtaila nyinyi."

Waliila, magotini. Ibtisam alikoroga sahani yake, akatazama yale maji yaliyokaa juu, akasema tu, "Kaka Shauki anasema Jumamosi uje na kofia. Kuna jua."

Jumanne Rushdi alijua kwamba mama mkwe wake atapika tena. Mwanamke yule hakuwa wa kulala siku mbili na aibu ile. Madirisha ya jikoni ya nyumba zote za jengo yalifungukia uwazi mmoja wa katikati, na baina ya dirisha lake na la Bi Tafida kulikuwa na kikapu cha kamba, ambacho kilipandisha na kuteremsha limau, dawa za presha na umbeya. Rushdi akachukua kioo chake cha kunyolea, akakifunga kwenye mshikio wa kikapu. Mpango ulikuwa kukiteremsha polepole mpaka dirishani kwa mama mkwe, atazame ndani kwa kioo, achore. Akalala kifudifudi juu ya kizingiti cha dirisha, karatasi ubavuni, penseli nyuma ya sikio, akaanza kuiachia kamba.

Lakini Bi Tafida hakumsubiri. Kikapu kilikuwa bado mkono mmoja tu chini ya kidevu cha Rushdi aliposikia tshaaa! Harufu ya samli na kitunguu saumu ikampanda usoni, na kutoka chini ikaja shahaka, ile ya kweli, ya mwanamke anayedaiwa na heshima yake: "Hiiiih!"

Naye Rushdi, bila kutaka, bila hata kujua, akavuta: "Hiiih!"

Na kioo kilikuwa kinamtazama.

Kwa kitambo kidogo aliona kitu ambacho hakuwa amekichora mara zote tatu. Mashavu yaliingia ndani. Puani palibana. Kidevu kilirudi nyuma na mabega yakapanda mpaka masikioni. Ndipo alipoelewa. Bibi zake wote watatu walikuwa wanatoa pumzi, na shahaka ni kuivuta! Kwa furaha aliinua kichwa, penseli ikamtoka sikioni, ikaanguka kwenye uwazi ikigonga kila bomba. Akataka kuidaka, akaiachia kamba, kikapu kikateremka na kioo chake mpaka dirishani kwa Bi Tafida.

"RUSHDI!" Sauti ilitoka chini. "Kioo cha kunyolea? Nani kakwambia nina ndevu?"

"Mama, imekaa? Mulukhia imekaa?"

Kijiko kiligonga sufuria.

"Imekaa kama mfalme," Bi Tafida alijibu. "Lakini kioo hukipati."

Ndiyo maana Ibtisam aliporudi kutoka kazini saa kumi, akafungua mlango wa chumba chao, alimkuta mumewe amesimama mbele ya kioo cha kabati, mtandio wake wa kijani umefungwa kichwani, kikaango mkononi, masharubu yake yako pale pale, anavuta pumzi: "Hiiih! Hiiih!"

Ibtisam aliurudisha mlango polepole.

"Nihal," alisema ukumbini, "baba yako kala nini leo?"

"Yuko sawa," Nihal alijibu. "Anajigeuza bibi."

Jumatano asubuhi picha ilikuwa mezani, imekwisha, rangi zimekauka. Bibi alikuwa bibi. Masharubu yalikuwa yameondolewa. Rushdi alizunguka meza kama mtu aliyepata mtoto. Ibtisam, ambaye siku hiyo aliingia zamu ya mchana, alisimama na kikombe cha chai, akaitazama picha muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kazi yoyote ya mumewe.

"Nimesikia harufu," alisema, na kwa Ibtisam hiyo ilikuwa hotuba.

Saa nne Bi Tafida alipanda kurudisha kioo. Alikuwa amekipangusa na kukifunga kwa gazeti, kuonyesha kwamba hakuwa na kinyongo kikubwa. Akavaa miwani, akainamia meza.

"Hiiiih!"

Mashavu yakaingia, mabega yakapanda, na mkono wake wa kulia ukaruka ukatua kifuani, vidole vimetanuka kama feni. Shahaka kamili, mchana kweupe, mbele ya watu, bila kitunguu.

"Mkono wa kushoto!" alisema pumzi ilipomrudia. "Bibi anamimina kwa mkono wa kushoto! Unataka kutuua kwa aibu?"

Rushdi alitazama. Ilikuwa kweli. Alikuwa amejichora kutoka kwenye kioo cha kabati, na kioo kilikuwa kimegeuza kila kitu. Na kwenye picha zile kumi na moja bibi alikoroga kwa kulia, akakata kwa kulia, akambariki mjukuu kwa kulia. Hapa alikuwa amegeuka mtu mwingine, asiyefunzwa kwao.

"Saa mbili zimebaki," alisema, akakaa chini. "Kaka Shauki alisema kofia ya rangi gani?"

"Inuka," Ibtisam alimwambia. Alikwisha kuweka kikombe chini. "Ikigeuzwa je? Ukiitazama kwa nyuma?"

Rushdi aliinuka kama aliyemwagiwa maji. Waliibeba picha mpaka dirisha la ukumbini lenye jua, wakaibandika uso kwenye kioo, wakaweka karatasi mpya juu yake. Ibtisam alishika pembe za juu, Bi Tafida pembe moja ya chini, Nihal ya pili, na Rushdi akafuata mistari iliyopenya kwa mwanga, bibi akiurudia mkono wake wa kulia, mstari kwa mstari.

"Usipumue, mama, karatasi inacheza."

"Jana uliiba pumzi yangu, leo unaninyima nyingine!"

Ule mkono uliokuwa huru, ambao kwenye picha ya asubuhi ulishika kifuniko cha sufuria, Rushdi aliuinua akauweka kifuani kwa bibi, vidole vimetanuka kama feni. Bi Tafida aliuona ukitokea chini ya penseli. Akaishika pembe yake ya karatasi kwa mikono miwili.

Rangi zilimaliza saa nzima. Saa sita kasoro dakika kumi Ibtisam aliipiga picha kwa simu yake, akaituma, na wote wanne wakakaa kuizunguka simu ile kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Ikalia. Rushdi alibonyeza sauti ya nje.

"Ustadhi Rushdi," alisema Bi Ragia, "nimeifungua nikavuta pumzi mpaka wenzangu wakadhani nimefiwa. Huyu ndiye! Anakwenda kwenye jalada, na jina lako chini yake. Mkono ule umeutoa wapi?"

"Wangu!" Bi Tafida aliinamia simu. "Pua ni ya mkwe wangu, Mungu amsamehe, lakini mkono ni wangu."

Baadaye Ibtisam alimpigia kaka yake. Rushdi alikuwa anaosha brashi jikoni, akasikia upande mmoja wa mazungumzo.

"Hapana, Shauki. Jumamosi haji. Hapana, si mgonjwa." Kisha: "Yuko kazini."

Brashi ilimtoka Rushdi mkononi. Aliporudi ukumbini aliona kwamba mkewe amekunja kitambaa cha meza, akakitandika nusu ya meza tu, na sahani nne zimepangwa upande huo zikibanana. Upande wa pili karatasi zake zilikuwa zimekaa kama zilivyokuwa.

Bi Tafida alikuwa mlangoni, anavaa viatu, anakwenda kuleta sufuria. Alimtazama mkwe wake juu mpaka chini, fulana na kandambili, kwa heshima mpya kabisa.

"Bwana Rushdi," alisema, "maadamu uko kazini, ukimaliza niteremshie vitunguu saumu viwili."