Dakika Nne za Koplo

Kila sikukuu ikikaribia, kamati ya familia pale kambini iliwaandalia jamaa za askari walioko mstari wa mbele mambo mawili: kifurushi cha chakula, na dakika nne za kuonana na mtu wako kwenye skrini ya bwalo. Chakula hakikumgombanisha mtu. Dakika ndizo zilizowatoa watu roho. Kila askari alijaza fomu kabla ya kuondoka, akaandika jina moja tu, na koplo mmoja, mtoto wa pekee wa mama yake, aliandika jina la mkewe.

Mama Koplo alipoipata habari hiyo alikaa kitandani akavua kiatu kimoja, cha pili kikamshinda. Mwaka mzima hajamtia mwanawe machoni. Alitaka kumwona uso tu, basi.

Mkwe wake, fundi cherehani, hakuwa mchoyo. "Tutagawana, mama," alimwambia huku akikata uzi kwa meno. "Mbili zangu, mbili zako. Mimi nitaanza, wewe utamalizia."

"Nusu? Mimi nilimzaa mzima, leo nipewe nusu yake? Na tena makombo?"

"Basi anza wewe."

Hapo mwenye akili angeshukuru, yakaisha. Lakini tuseme ukweli, Mama Koplo alikuwa mtu wa kijicho, na kijicho hakijui kushiba. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, alijisemea. Huyu kamjua juzi tu. Akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kwa mwenyekiti wa kamati, mke wa meja.

Mke wa meja alikuwa na kazi moja ambayo hakuandikiwa popote: kuchunga tabia za wake wa askari. Mwanamke akitajwa vibaya, jina lake hukatwa kwenye orodha ya skrini bila kelele, naye huambiwa ratiba imebadilika, na dakika zake hupewa jamaa mwingine wa askari huyo. Mama Koplo alilijua hilo vizuri. Ndilo lililompeleka.

"Mwanangu, mimi sipendi maneno," alianza, na mtu akianza hivyo jua amekuja nayo gunia zima. "Kuna fundi anakuja pale nyumbani. Anakaa na mkwe wangu saa nzima, mlango umefungwa."

Fundi alikuja kweli. Alikuja mara moja, kutengeneza cherehani iliyokwama, na mlango ulifungwa kwa ajili ya vumbi, na aliyemshikia bisibisi saa nzima hiyo ni Mama Koplo mwenyewe. Hilo hakulisema.

"Lakini yasitoke humu," akamalizia.

"Yatoke yaende wapi?" akajibu mke wa meja.

Maskini. Miaka tisa ana mtoto jeshini, hajajua kwamba kule hakuna siri ya watu wawili. Mke wa meja aliandika taarifa, taarifa ikaenda ofisi ya familia, na ofisi ikaituma hadi kwa kapteni wa koplo, maana askari mwenye mushkeli nyumbani ni lazima mkubwa wake ajue kabla hajampanga zamu. Ndivyo wanavyofanya kazi, na hawamuulizi mtu.

Siku ya sikukuu Mama Koplo alivaa gauni aliloshonewa na mkwe wake. Mkwe alimfunga vifungo vya mgongoni, akamsindikiza mpaka mlangoni pa bwalo. Hakuwa na kinyongo. "Ratiba ikibadilika imebadilika," alisema. "Nisalimie. Mwambie nimepaka chumba rangi, hatakitambua."

Ndani, wanawake waliokuwa kwenye foleni walikohoa wakatazamana. Mama Koplo aliketi mbele ya skrini, na uso ukatokea. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, lakini alikuwa yeye. Akavuta kiti mpaka pua ikakaribia kioo.

"Mwanangu."

"Shikamoo, mama." Hakutabasamu. "Jana kapteni aliniita. Nimeelezwa habari za mke wangu na huyo fundi. Nikamwambia mimi siamini karatasi, nitamuuliza mama yangu. Ni kweli?"

Mke wa meja alikuwa amesimama nyuma na orodha yake mkononi. Maneno mawili yalitosha: si kweli. Lakini kuyasema pale, mbele ya wanawake wote wale, ni kujivua nguo, na mwakani nani angemwita tena kwenye kiti hicho?

"Mimi nikufiche nini, baba," alisema Mama Koplo.

Koplo aliitikia kwa kichwa, taratibu. "Ahsante, mama. Wewe hujawahi kunidanganya. Nilikuwa nirudi mwezi ujao, nilitaka niwashtukize. Sasa kuna fomu ya kubaki miaka miwili zaidi. Nitaitia saini tukimaliza hapa. Sina cha kukimbilia nyumbani."

Zilikuwa zimebaki dakika mbili. Dakika mbili ni nyingi. Mtu anaweza kukiri madhambi yake yote na muda ukabaki. Mama Koplo alifungua mdomo. Aliogopa, na alijiona akiogopa, na alijichukia.

"Mama, unanisikia?"

"Unakula, lakini?" akauliza.

"Nakula."

"Umekonda sana."

Wakabaki kutazamana hivyo mpaka picha ikakatwa, akaitwa mwingine.

Mkwe alikuwa palepale mlangoni alipomwacha. "Kasemaje?"

"Anakusalimu," alisema Mama Koplo. "Ni mzima. Ila atakawia kidogo. Kazi."

Mkwe alicheka kwa ile salamu, akajifuta macho kwa kiganja, akamshika mama mkwe mkono asije akajikwaa kwenye ngazi.

"Akawie tu, mama," alisema. "Maadamu mimi na wewe tupo, tutamngoja pamoja."