Ndoo Nyuma ya Tanuri

Harufu ndiyo iliyonitoa chumbani. Nilidhani paka amefia nyuma ya tanuri. Nikaenda na fagio, nikakuta ndoo imefunikwa gunia, na ndani yake, kwenye mkojo wa siku tano uliokorogwa na kinyesi cha kuku, wamelala watu wangu kumi na wawili.

Nawaita wangu kwa sababu mimi ndiye ninayewafinyanga kwa nta, kila mmoja hazidi kidole changu cha kati. Mwanangu huwafunika kwa udongo, huwachoma mpaka nta itiririke yote, kisha humimina shaba nyeusi mle ilimokuwa nta. Mkewe hupiga msasa. Nyumba nzima tunakula kwa kazi hiyo.

"Ni dawa ya kuzeesha, Mama," mwanangu akasema. "Shaba inaota ukijani. Mnunuzi anataka vitu vya kale."

"Mkojo wa nani?"

Mkewe ndiye aliyejibu. "Wake. Mimi niliolewa na fundi, Mama, sikuolewa na choo."

Nilicheka, pua nimeiziba kwa kanga.

Mnunuzi akaja mchana uleule. Sanamu zilikuwa zimesuuzwa juu juu tu, zimepangwa kwenye kitambaa cheupe. Mwanangu akamwambia zilifanywa na babu wa babu yake. Nami nimekaa palepale kwenye kigoda, nta imejaa kwenye kucha, nimeshafanywa marehemu.

Mnunuzi akamwinua mmoja wao, mwanamke anayefua. Akamsogeza mbali na pua. Akamgeuza miguu juu.

"Babu wa babu yako aliwahi kuona kandambili?"

Yule mwanamke ni jirani yetu. Nilimfinyanga kama nilivyomwona, na kandambili zake za mpira, ukanda wa kushoto umekatika, umeshikizwa kwa pini.

"Nani kamfinyanga huyu?" mnunuzi akauliza.

"Mimi," nikasema. Maisha yangu yote sikuwahi kuona haya kulisema neno hilo, na siku ile niliona haya, kwa ule uvundo.

Mnunuzi akajifuta kwa leso, kidole kimoja kimoja, akaondoka mikono mitupu.

Jioni mwanangu akanifuata. "Mama, siku nyingine uwafanye pekupeku."

Nikaikusanya nta yangu yote, hata vipande vya sakafuni, nikaifunga kwenye kitambaa na kuisukumia chini ya kitanda changu.

"Nta ni yangu," nikamwambia. "Wewe kamimine mkojo wako kwenye udongo, tuone atatoka nani."