Wametulia

Kwenye maabara ile, "wametulia" lilikuwa neno la kazi. Amiba ni mdudu wa seli moja, haonekani ila kwa hadubini. Ukimmwagia dawa asiyoipenda, hujikunja, hujijengea gamba gumu na kungoja shida ipite. Hapo watafiti husema ametulia. Kufa ni habari nyingine kabisa, na dawa yao ya mwani, pamoja na kusaga na kuchuja mpaka nguo zikanuka bahari, ilikuwa bado haijaua hata mmoja.

Mtafiti aliyekuwa akiuchuja mwani huo alipigiwa simu na mdogo wake asubuhi, kabla hajavaa koti la kazi.

"Dada, jicho limetulia!"

Mdogo mtu alikuwa fundi cherehani. Miwani humteleza akiinama, kwa hiyo alivaa lenzi za macho, na kila jioni alizisuuza kwa maji ya bomba kama anaosha vijiko. Amiba wakaingia jicho la kulia. Hospitali ilimpa matone ya kutia mchana kutwa, matone yanayochoma kama pilipili, ikamwambia akiacha, jicho litakwenda.

"Limetulia kivipi?"

"Nimeachana na yale matone yenu ya moto. Bosi wako kasema redioni mwani unawatuliza amiba. Basi nikauchemsha, nikauchuja, natia. Maumivu kwisha!"

Dada mtu damu ikamchemka. Maumivu yamekwisha, eti! Ukiacha kulimwagia jicho pilipili litakosaje kupumua? Alikata simu na kuingia kwa bosi wake, Profesa, bila kubisha hodi.

"Ulisema nini redioni?"

"Ukweli," Profesa akajibu, akikoroga chai yake taratibu. "Wanatulia. Si neno lako mwenyewe?"

"Ni neno la humu ndani! Huko nje ugonjwa ukitulia umepona!"

"Sasa ulitaka niwaambie watu habari za magamba? Redio inataka lugha nyepesi, mama." Akatabasamu. Mtu mzima, msomi, anatabasamu! "Tena mdogo wako alinipigia kunishukuru. Yuko njiani. Wafadhili wanakuja leo, nataka wamwone."

Alitamani kummwagia ile chai kichwani. Badala yake akashuka ngazi mbili mbili, akamkuta mdogo wake getini, kapendeza ndani ya gauni alilojishonea, jicho la kulia jeupe kama maziwa. Alimshika mkono, akamvuta hadi kwenye hadubini.

"Angalia."

"Dada, unaniumiza."

"Nimesema angalia!"

Mdogo mtu akainama kwa jicho lake zima. "Naona vidudu. Vinatembea."

"Hao walikuwa wametulia kwa mwani wetu. Tulipoiondoa dawa tukawapa chakula, wakatoka kwenye magamba yao. Wako hai, hawana hata mafua! Na wewe umewafugia jichoni!"

"Mbona basi haliumi?" Sauti ilikuwa imeanza kuyumba, lakini ubishi alizaliwa nao. "Nimelala usingizi, dada. Usingizi! Unajua nilikuwa sijalala tangu lini? Wewe ulikuwa wapi?"

Dada mtu akamgeuza kuelekea mlangoni. "Ziba la kushoto," akaamuru. "Nisomee kile kibao mlangoni."

Fundi akaziba. Akakunja uso, akasogeza kichwa huku na huku kama anayetafuta tundu la sindano.

"Tunakwenda hospitali sasa hivi," dada akasema.

"Ngoja kwanza, nitakiona."

Mlango ukafunguliwa. Profesa akaingia na wageni wake wenye suti, uso umemchanua.

"Ndiye huyu! Mgonjwa wetu wa kwanza, na jicho limetulia kabisa!" Akamnyooshea mkono kumsalimia.

Fundi, kiganja bado juu ya jicho zima, aligeuka kuifuata sauti. Alinyoosha mkono wake pia, ukapita pembeni, ukapapasa koti la mgeni mmoja, ukarudi, ukapapasa hewa. Mkono wa Profesa ulibaki umening'inia mbele ya watu wote.

"Usiushushe, Profesa," dada akasema. "Anautafuta."