Kadi za Kitanda cha Kumi na Nne

Siku ya tatu mfululizo mlinzi wa wodi ya wanaume aliniambia neno lile lile: "Bibi, kadi za kitanda cha kumi na nne zimeshatoka."

Kila kitanda kina kadi mbili. Ukiingia unapewa moja, ukitoka unairudisha. Kitanda hicho amelazwa mume wangu, tangu kidonda cha mguu kilipomzidi. Kadi moja anachukua mkwe wangu, mke wa mwanangu, ndiye anayempelekea chakula. Hiyo sina neno. Ya pili anayo nani?

"Ndugu yake baba," mkwe alinijibu, macho kwenye viatu vyake.

Ndugu za mume wangu nimewapikia miaka arobaini na sita. Nawajua mpaka wanaokoroma.

Nikakaa kwenye benchi kama mtu asiye na shida. Muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha akatoka mwanamke wa makamo, kitambaa cha njano kichwani, akarudisha kadi namba kumi na nne. Mzee mzima yule, meno yenyewe ya kuhesabu, kumbe ana mtu!

"Yule nani?" nikamuuliza mlinzi.

"Kaandikisha ndugu."

"Mgonjwa amesema nisiingie?"

"Angesema kwa muuguzi, ni haki yake, na ningeiona humu daftarini. Hajakataa mtu. Wewe unachelewa tu, bibi."

Nachelewa! Mkwe ndiye anayenipitia nyumbani, na kila siku tukifika njiani anakumbuka kasahau kitu, turudi.

Kesho yake sikumngoja. Nilifika mlango haujafunguliwa, nikawa wa kwanza kwenye foleni. Kitambaa cha njano kikaja, kikaniona, kikageuka. Nikamdaka mkono.

"Una nini na mume wangu?"

"Mama, nisamehe! Mimi nashona na mkwe wako, cherehani zetu zinatazamana. Mzee hata hatuongei. Nashika kadi tu mpaka muda uishe."

"Nani kakutuma?"

"Mzee mwenyewe, kupitia mkwe wako."

Nikachukua kadi, nikaingia. Aliponiona akageukia ukutani. Blanketi upande mmoja limeinuka, upande wa pili, kuanzia goti, limelala bapa.

Nikashika chuma cha kitanda.

"Nani kakuruhusu?" akauliza.

"Mlinzi. Kama hunitaki ungemwambia muuguzi."

"Nimkatae mke wangu mbele za watu?" Akavuta blanketi. "Nilitaka unione nimeshajua kusimama."

"Na yule mwanamke?"

"Hata jina lake silijui."

"Tutaona."

Nikaketi. Kisha nikainua blanketi upande wa mguu uliobaki, nikaanza kugusa vidole vyake kimoja kimoja.

"Sasa unafanya nini, mama watoto?"

"Nyamaza. Nahesabu."