Kuku wa Mgeni

Ziwa lilikuwa limekwisha kuingia jikoni. Generose aliinua miguu ya kitanda juu ya matofali, akahamishia mafiga kwenye kipande cha baraza kilichobaki kikavu, kisha akamkamata kuku wake wa mwisho, mtetea aliyekuwa bado anataga, akamkanyaga mabawa na kumchinja. Libérat alikuwa anakuja.

Libérat alikuwa mtoto wa kaka yake, mtu wa bonde la Ruzizi. Alipoletwa Uvira kusoma, Generose ndiye aliyemlaza na kumlisha, ndiye aliyetembeza mawese juani ili kijana asiende shule peku. Sasa alikuwa économiste, msomi wa uchumi. Mtaa mzima wa Kilibula ulijua kilichomrudisha: kulikuwa na mradi, mradi ulikuwa na viwanja mlimani, mahali ambapo maji hayafiki, na Libérat ndiye mkubwa wa wale wanaopita nyumba kwa nyumba kuamua nani atapanda na nani ataachiwa ziwa.

"Weye uko na bahati," alisema jirani yake Mapendo, akimkabidhi sahani ambazo Generose alikuja kuazima. "Siye tutapiga magoti, weye utapiga simu."

"Nipe na viti, dada. Mtoto wangu hawezi kukaa juu ya bidon ya maji."

"Viti chukua, lakini urudishe leo leo. Nataka kuvipeleka kwa dada yangu. Banasema bale batu banaangaliaka viti."

"Mugeni anakuja, weye unaficha kiti? Umekuwa mushenzi, Mapendo?"

Mapendo hakucheka.

Libérat alifika na vijana wawili wenye gilet, vizibao vya mradi, na mashine za kugusa kwa kidole. Generose alikuwa amevaa kikwembe, kitenge chake cha harusi. Walikaa, miguu wameikunja kuepuka unyevu, wakala. Msichana mmoja wa gilet aliuliza huku anatafuna.

"Mama, juma hii mulikula nyama?"

Generose alitazama paja lililokuwa mkononi mwa msichana. "Si ndiyo hii tunakula?"

Wakacheka wote.

"Na hivi viti, mama, ni vyenu?"

Jina la Mapendo lilifika mdomoni, likarudi. Humwambii mgeni kwamba anakalia kiti cha kuazima; ni kama kumwambia asimame.

"Vyenye munaona, ndivyo viko."

"Na maisha, iko namna gani?"

"Tunajikaza. Mungu iko."

Kidole kikagusa mashine. Libérat hakuinua macho. Alikuwa amevunja mfupa na kuufyonza ndani, vilevile alivyokuwa akifanya utotoni.

Baadaye wakaja vijana wa rangi. Ukuta mmoja uliandikwa V, mwingine NV, na watoto wakawafuata kama wanaofuata ngoma. Amisi, fundi wa cherehani, aliyekuwa na Kifaransa cha kuombea maji, aliacha kitambaa akaja kutafsiri.

"V ni vulnérable. Maskini wa kweli kweli, huyo atapanda mulima."

"Na NV?"

"NV?" Amisi alikuna kidevu. "Huyo wa kubaki. Ni Vile."

Barabara ikaangua kicheko. Generose naye alicheka, tena kwa sauti, hadi brashi ilipofika kwake na kuanza na N.

Kwa Mapendo waliandika V. Walikuta watoto chini na sufuria imepinduliwa. V nyingine ilipakwa kwenye depo, ghala la chef mmoja wa mtaa, jengo la matofali ya kuchoma lililokuwa limefungwa kufuli tangu mvua za kwanza.

"Zamani za Zaïre walituambia tujitafutie," Amisi alisema, safari hii bila mzaha. "Leo ukijitafutia, wanakuandika tajiri."

Generose alitembea hadi Kasenga, ilikokuwa ofisi ya mradi. Alisimama kwenye jua pamoja na wengine hadi Libérat alipotoka kusindikiza wageni.

"Madame Generose, bonjour," alisema mbele yao. "Réclamation, malalamiko, iko na siku yake."

"Madame? Nani ni Madame, Libérat? Minye?"

Wageni waligeuka kutazama. Akamshika kiwiko, akamwingiza ndani, akafunga mlango.

"Shangazi, haiko minye. Ni système. Mashine iliuliza nyama, mukasema tunakula. Iliuliza viti, mukasema viko."

"Viti vya Mapendo! Weye ndiye nilikuwa nakutuma kuvileta wageni wakija. Ulikuwa unavibeba juu ya kichwa, na sahani vilevile. Siku ile ulikalia kiti cha Mapendo, ukala kuku yangu, ukanyamaza."

Libérat alipanga kalamu zake mezani, moja kando ya nyingine.

"Ningeongea mbele ya vijana ba équipe, bangesema napendelea ndugu. Kazi ingeisha palepale. Viwanja ni vichache, shangazi. Ukipatia kila mutu, hakuna mwenye anapata. Lazima kuchagua kwa hesabu. Uchumi haijue shangazi."

"Na depo ya chef, uchumi inaijua?"

Alitazama mlango kabla ya kujibu.

"Mashine ilikuta haina kitu. Hakuna kiti, hakuna sahani, hakuna mutu mwenye alikula nyama. Kwa hesabu, ile nyumba iko maskini kupita zote."

"Lakini haina batu!"

"Hiyo, mashine haiulizake."

Nje jenereta ilikohoa, ikatulia. Libérat akalainisha sauti, kama anayempa mtoto mgonjwa asali.

"Wakubwa walipenda sana maneno yenu. Tuliyaweka mbele ya rapport: Tunajikaza. Kule wanaita résilience, uvumilivu. Walisema, batu kama hawa wanaweza kungoja."

"Minye nilisema vile sababu ulikuwa mugeni."

Libérat alisimama, akamfungulia mlango, na hapo mlangoni akanong'ona: "Kutakuwa na awamu ya pili. Bataingia siku yoyote bila kusema. Safari hiyo, shangazi..." Akafungua viganja vyake viwili, vitupu, akamwonyesha.

Lori lilipokuja kuchukua watu wa V, Mapendo alipanda akiwa amegeuzia uso upande wa mlima. Chef alituma mtu na mkasi wa mabati na kamba za kupimia kiwanja chake.

Generose alijifunza. Kikwembe cha harusi alikiuza. Mafiga aliyaingiza ndani, nyuma ya pazia, na mlangoni akamweka mjukuu wake Akimana kwenye jiwe.

"Mutu yeyote akija, unasema nini?"

"Hatujakula. Hapa hakuna kitu."

"Tena."

"Hatujakula. Hapa hakuna kitu. Bibi, hata kama tumekula?"

"Hata kama unabeua."

Siku moja asubuhi Amisi alipitisha neno kwa chini chini: watu wa gilet wameonekana upande wa Kasenga. Milango ikafungwa. Mchana mvua ikaanza. Generose alikuwa nyuma ya pazia na sufuria ya samaki wadogo wa ndagala na mawese, aliposikia hatua zikikokota majini, kisha mtu akibisha.

"Hatujakula," alisema Akimana. "Hapa hakuna kitu."

"Mwiriwe, mwanangu. Ni kwa Generose?"

"Hatujakula. Hapa hakuna kitu."

"Siombi chakula. Mwambie bibi yako ni Rénovat, mudogo wa babu yako. Natoka Bijombo na miguu. Kule juu watu wa bunduki wameunguza kijiji chote."

Generose aliifahamu ile sauti. Ni sauti iliyoongoza nyimbo alipokuwa anazikwa mume wake. Alinyanyuka nusu. Kupitia kitundu cha pazia aliona mfuko mgongoni, lakini hakuona kama nyuma yake, barabarani, palikuwa na watu wa gilet. Mvuke ulikuwa unapanda kutoka kwenye sufuria, mwekundu wa harufu ya mawese. Alifunika, akakandamiza kifuniko kwa kiganja, harufu isitoke.

Mtoto alingoja. Mzee alingoja. Kisha mtoto akasema tena maneno aliyofundishwa, polepole, kwa uangalifu, bila kukosea hata moja.

"Mungu awaongezee," alisema Rénovat.

Hatua zikarudi majini. Generose alizisikia zikisimama kwa Amisi, na mtoto wa Amisi akijibu. Zikasonga hadi nyumba ya pili, zikasimama. Halafu ya tatu. Kila mlango ulikuwa na mtoto wake, na kila mtoto alisema maneno yaleyale, sauti nyembamba moja baada ya nyingine, zikifuata ufuo kuelekea kusini hadi mvua ikazimeza.

Kifuniko kilikuwa cha moto. Hakuondoa mkono.