Makochi ya Abdulatifu

Pale Majengo, Yasinta alijulikana kwa mambo mawili: dagaa wake wa Nyasa hawakuwa na mchanga, na mdomo wake haukuwa na breki. Umri wake ulikuwa miaka sitini na miwili. Kila asubuhi ya shule, mvua inyeshe au baridi ya Juni iteremke kutoka milima ya Matogoro, alimfunga mjukuu wake mgongoni kwa kanga mbili, akapanda naye kilima mpaka mlangoni pa darasa. Na usidhani mjukuu mwenyewe alikuwa kichanga. Dorine alikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la tano, mrefu kama mkongojo, hodari wa hesabu. Ila miguu yake haikuwahi kumbeba tangu azaliwe. Baba yake, Remigi, alikwenda Tunduru kutafuta mawe ya thamani, na mwaka wa tatu huu hajapiga hata simu. Mama yake yuko chini ya udongo. Kwa hiyo mgongo ulikuwa mmoja tu, wa bibi.

Mwezi wa tatu mgongo huo ukagoma. Katikati ya kilima, paa, kama kamba iliyokatika. Yasinta akakaa ukingoni mwa mtaro na mtoto wake, wapita njia wakisalimia na kupita, kengele ya shule ikalia na kunyamaza wao wakiwa bado palepale. Daktari aliyemwona hakuzunguka mbuyu.

"Bibi, ukiendelea kumbeba huyu, mwakani mtakuwa wawili wa kubebwa. Mtafutie kiti mwendo. La sivyo, akae nyumbani."

Akae nyumbani. Dorine alisikia, akageuza uso akaangalia ukuta, na bibi yake akauona ule uso. Mtu mwingine angelia. Yasinta alivaa viatu akaenda kwa Theodosia, mwenyekiti wa jumuiya yao ndogo ndogo pale parokiani, mama anayejua kila mlango wa mji huu na jina la anayekaa nyuma yake.

"Kuna mradi," Theodosia akamwambia. "Unasaidia nyumba zenye wagonjwa, wazee na watu wenye ulemavu. Viti mwendo vimo. Anza kwa mtendaji wa mtaa, akupe barua. Barua uipeleke hospitali, wakujazie fomu. Fomu uipeleke ustawi wa jamii. Na usiende kugombana na watu, bibi wa Dorine. Nakujua."

"Sigombani na mtu. Naongea tu."

Akaongea, basi. Kwa mtendaji alipata barua siku hiyohiyo. Hospitali alipanga foleni mara mbili. Ofisi ya tatu kijana wa mapokezi alimwambia arudi kesho. Yasinta akajibu kwamba kesho ataisubiri hapohapo, akakaa kwenye benchi, akafungua kifurushi chake cha mihogo ya kuchemsha, akamkaribisha na huyo kijana. Kufikia saa nane fomu ilikuwa imegongwa mhuri. Wakamwambia kilichobaki ni kimoja tu: afisa wa mradi atakuja nyumbani Alhamisi, saa nne, kuangalia hali yao.

Hapo sasa ndipo mwanamke mwenye akili zake zote alipoharibu.

Kwa Yasinta kulikuwa na vigoda viwili, mkeka, na ndoo ya kupimia dagaa. Vinatosha kwa bibi na mjukuu. Lakini mgeni? Mgeni anayetoka ofisini, mwenye kalamu, aje akalie ndoo inayonuka dagaa, halafu aende akahadithie huko? Yasinta alivuka barabara mbiombio hadi kwa Abdulatifu.

Mzee Abdulatifu alikuwa Myao wa Nakapanya. Alihangaika na mawe kule Tunduru miaka ishirini, akapata jiwe moja tu la maana, na jiwe hilo akaligeuza makochi: mekundu, ya velveti, ambayo hadi leo hajayavua nailoni za dukani. Yeye na Yasinta walikuwa watani, Myao na Mngoni, na hawakuwahi kusalimiana kama watu wa kawaida.

"Mngoni huyo," akasema Abdulatifu alipomwona mlangoni. "Umekuja kuteka tena. Hamjachoka tu?"

"Leo nateka makochi. Mawili na lile refu. Nina mgeni Alhamisi."

"Na mwenyewe nikalie nini?"

"Kalia kisirani chako, kimekaza vizuri."

Mzee akacheka mpaka akakohoa, akaita vijana wa kubeba. Makochi hayo, alisema, siku hizi yanatembea kuliko yeye mwenyewe.

Theodosia alikuwa safarini Namtumbo kumwuguza dada yake, kwa hiyo hakuwepo wa kumshika Yasinta mkono. Binti wa Theodosia akatoa kitambaa cha meza, chupa ya chai na vikombe vyenye maua. Jogoo wa pekee akachinjwa. Dorine akavalishwa gauni jeupe la Komunyo ya Kwanza, ambalo lilikuwa linambana makwapani, akawekwa kwenye kochi refu na kuambiwa, "Usinitie aibu mbele ya mgeni."

Afisa alikuja kwa wakati. Aliitwa Kajetani, kijana mpole, aliyetoa shikamoo kabla hajavuka kizingiti. Akakaa kwenye velveti. Akala paja, akaongezwa kidari, akanywa chai vikombe viwili. Akauliza maswali yake, akapiga picha kwa kishikwambi, akashukuru sana. Yasinta alimsindikiza hadi barabarani akijisikia ameshinda. Hata mgongo ulinyamaza siku hiyo.

Wiki mbili baadaye majina yalibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Yasinta aliyasoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Akamwomba mtendaji amsomee, labda macho ndiyo yanamdanganya.

"Dorine hayumo, mama," mtendaji akasema, akafungua daftari. "Imeandikwa hapa: kaya ina uwezo. Samani nzuri, chakula cha kutosha."

Yasinta alifungua mdomo. Nyuma yake walikuwa wamesimama kina mama wanne wakisubiri zamu, masikio yamesimama nayo. Kusema mbele yao kwamba samani zile aliazima? Yule mdomo usio na breki ukafunga breki. Aliaga, akatoka, akatembea hadi nyumbani akiwa na hasira na kila mtu: kijana aliyekula kuku wake na kumwandika tajiri, mtendaji na daftari lake, Remigi na mawe yake. Alipofika mlangoni hasira zote zikamrudia yeye mwenyewe, kwa sababu ndiko zilikokuwa zinakwenda tangu mwanzo.

Dorine alikuwa kwenye mkeka na daftari lake. Alimwangalia bibi yake, akaelewa.

"Ni kwa sababu yangu," akasema.

"Sababu yako vipi?"

"Ulipokwenda kuchukua chai, yule kaka aliniuliza makochi ni ya nani. Nikamwambia ni ya kwetu. Uliniambia nisikutie aibu."

Yasinta akakaa kwenye kigoda. Alikuwa amemfundisha mtoto kudanganya, na uongo wenyewe ulikuwa umemla mtoto. Iliuma kuliko mgongo.

Theodosia aliporudi kutoka Namtumbo na kusikia yote, alishika kichwa kwanza, kisha akatoa shauri. Jumamosi kungekuwa na mkutano wa mtaa wa kuthibitisha majina. Yeyote ana haki ya kusimama na kupinga. Mkutano ukiisha, orodha inapelekwa manispaa, na atakayekosa asubiri mwakani.

"Siwezi kuongea na yule kijana pembeni?" Yasinta akauliza.

"Ya pembeni hayaandikwi. Utasema palepale, mbele ya watu."

"Mbele ya Majengo nzima."

"Majengo nzima na wa mitaa ya jirani, wanavyopenda mikutano."

Jumamosi Yasinta alimbeba Dorine, mgongo ukilalamika hatua kwa hatua, akaketi naye mstari wa mbele. Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya ofisi na watu wamejaa hadi barabarani. Kajetani alikaa mezani pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Majina yakasomwa. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno.

Yasinta akasimama. Akageukia watu.

"Mnanijua," akasema. "Huyu kijana alikuja kwangu akakalia makochi. Makochi si yangu, ni ya Abdulatifu. Kitambaa cha meza na vikombe ni vya Theodosia. Kuku alikuwa wangu, lakini alikuwa mmoja, na mnamwona aliyemla." Watu wakaangua kicheko. Yasinta akangoja kiishe. "Kwangu kuna vigoda viwili na ndoo. Niliona haya mgeni akalie ndoo. Haya zangu zimemnyima mtoto huyu kiti mwendo, na juu yake nikamfanya aseme uongo. Mimi nimekosa, yeye hajakosa. Mgongo wangu umekwisha. Kama hapati kiti, hasomi tena. Ndiyo hivyo."

Kajetani alikuwa ameinamia kishikwambi chake, anasogeza picha mbele, anarudisha nyuma, anasogeza tena, ndita zikizidi kujikunja.

"Mzee Abdulatifu yupo?" akauliza hatimaye.

"Nipo, alhamdulillahi."

"Shikamoo, mzee. Makochi yako ni mekundu? Yana nailoni? Na mkono wa kochi moja umeungua, kama kwa sigara?"

"Shemeji yangu huyo, siku ya Idi. Wewe umelijuaje tundu langu?"

Kajetani akageuza kishikwambi kuelekea kwa watu, ingawa hakuna aliyeona kitu kutoka pale alipokaa.

"Kwa sababu nimelikalia nyumba tano," akasema. "Nyumba tano za mtaa huu, wiki moja. Zote nimeziandika zina uwezo. Nilidhani mna fundi mmoja."

Kisha Renatha, mjane wa nyuma ya msikiti, mwenye mapacha na presha, akasimama taratibu huku amejifunika mdomo kwa kanga. Akafuata Yohanes, mzee asiyeona, akielekezwa na mkewe. Wakasimama na wengine wawili. Wote wanne walikuwa wamepanga kunyamaza na aibu yao hadi mwakani, mpaka Yasinta alipoanza.

"Mimi sikuulizi unapeleka wapi," Abdulatifu akajitetea, mikono juu. "Wallahi. Mtu akikwambia ana mgeni, unatoa kochi. Mnataka nimnyime?"

Hapo hata mwenyekiti akashindwa kujizuia. Turubai zima likacheka, Renatha akacheka huku analia, na Kajetani mwenyewe akakiri kwamba wiki ile alikula kuku watano na akaandikia ofisini kuwa Majengo kuna neema. Mikono ikanyooshwa, majina matano yakaingizwa kwa kauli moja, kwa sharti kwamba afisa atembelee nyumba zote upya, leo hii, bila kumwarifu mtu.

Kwa Yasinta alifika saa saba. Yasinta alimkalisha kwenye ndoo na hakumpa hata maji, kama alivyoagizwa na Theodosia, na alikiri baadaye kuwa hajawahi kufanya jambo gumu kama lile maishani mwake. Kajetani akampima Dorine kwa tepi, kiuno, mapaja, urefu wa mguu. Kisha akaomba aonyeshwe njia ya shule. Yasinta akamfunga mtoto kanga. Kijana akawafuata nyuma hadi pale mtaroni, akaona bibi anavyosimama kupumua, akaona mkono unavyotafuta kiuno. Akamwomba Yasinta amshushe Dorine, akambeba yeye. Alipofika juu ya kilima shati lake lilikuwa limelowa.

Kiti mwendo kilikuja mwezi wa nane, cha bluu, chenye magurudumu mapana ya kufaa barabara zetu. Wiki ya kwanza Yasinta alikisukuma mwenyewe. Wiki ya pili wanafunzi wenzake Dorine wakamwambia, kwa adabu, kwamba wao watatu wanatosha, bibi aende tu sokoni kwake.

Shule hufunga saa nane na nusu. Ijumaa moja saa tisa ikafika, Dorine hajaonekana. Saa tisa na nusu, hajaonekana. Yasinta akamwachia jirani dagaa, akatoka na ndala zisizofanana, roho iko mkononi, anaona gari, anaona mtaro, anaona kila kibaya. Akapandisha kilima nusu mbio.

Akamkuta kwa muuza karanga. Wasichana wanne wamemzunguka, mmoja amening'inia kwenye mishikio ya nyuma, na Dorine yuko katikati anasimulia kitu kwa mikono yote miwili, wenzake hoi kwa kucheka.

"Shikamoo, bibi," akasema alipomwona, sauti imepungua. "Tulikuwa tunapiga stori tu."

Yasinta akasimama. Miaka kumi na mmoja Dorine hakuwahi kuchelewa popote. Alifika pale bibi yake alipofika, na aliondoka bibi yake alipoondoka. Leo kachelewa mwenyewe, kwa utundu wake, kama mtoto wa mtu yeyote.

Basi alimgombeza. Alimgombeza vizuri, kwa sauti iliyofika hadi Majengo: saa ngapi hizi, unajua nilivyohangaika, na hawa wenzako hawana kwao? Wasichana wakatawanyika kama kuku. Dorine akainamisha kichwa, akaanza kusukuma magurudumu kuelekea nyumbani, na Yasinta akamfuata nyuma mikono mitupu, akigomba njia nzima huku machozi yanamtiririka, na hakutaka kuyafuta.